Masta ya Juu, Masta ya Chini

Giaboksi ilikuja juu ya magunia ya machungwa kutoka Muheza,
inavuja oili nyeusi kwenye maganda.
Shekalaghe, mwenye lori, akasema:
"Fundi, nipachikie tu. Chuma ni chuma."

Chuma si chuma.
Nilihesabu meno ya shafti: kumi na manne.
Ya sahani ya zamani: kumi.
Hiyo ilikuwa rahisi, sahani hununuliwa;
nikakopa kwa jina la mke wangu.
Boliti zote zikakubali ila moja,
nayo nikaibembeleza kwa tupa hadi adhuhuri.

Kesho yake nikakanyaga klachi.
Pedali ilishuka laini, laini mno,
laini ya mtu anayekuitikia naam na hakusikii.
Gia ya kwanza ikasaga meno.
Ya nyuma ikapiga yowe
Barabara ya Kumi na Tatu nzima ikageuka.

Nikalala chini ya lori na rula ya shule ya binti yangu,
ile iliyokatika kwenye kumi na mbili.
Masta ya chini, iliyokuja na giaboksi, ina tumbo pana.
Masta ya juu, ya lori lenyewe, ina koo jembamba.
Ya juu inamimina kijiko,
ya chini inangoja kikombe.
Uma unasogea kidogo, unasita,
beringi inapiga hodi na mlango haufunguki.
Wala hakuna iliyo mbovu. Hilo ndilo lililoniudhi.
Mbovu ningeitupa.

Masta ya juu inayooana nayo najua ilipo:
rafu ya pili, ndani ya kopo la maziwa,
gereji ya Mdoe, ng'ambo ya barabara.
Niliiweka mimi.
Tulipoachana tuligawana kila kitu:
jeki yeye, mashine ya kuchomelea mimi,
spana za shufwa kwake, za witiri kwangu,
turubai tukalikata kwa kisu.
Miaka sita hatujaombana hata kiberiti.

Nikavuka.
"Ile masta."
"Elfu themanini."
Hakupunguza. Aliandika na risiti,
jina langu akalikosea makusudi.

Nikaifunga, nikajaza oili ya breki.
Sasa upepo umo bombani, na upepo
hautolewi na mtu mmoja:
mguu uwe juu, mkono uwe chini.
Kijana wangu Sechonge yuko msibani Pongwe.
Shekalaghe, kwa klachi, anajua kuiunguza tu.
Na nipeli inataka spana namba kumi.

Nilikuwa bado chini, na koleo, na matusi,
nikaona ndala za bluu, mkanda umeshonwa kwa waya.
Spana ikaanguka mchangani karibu na sikio langu.
Mlango wa kebini ukafunguka.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshikilia."
Nikalegeza. Mapovu yakatema, yakakohoa.
"Achia."

Mara ishirini na saba, nilihesabu.
Hapana salamu, hapana jina la mtu.
Hata mapovu yakaisha,
ukashuka uzi mmoja wa oili, mnyofu.
"Imekaza," akasema, sikuwa nimemwuliza.

Lori liliondoka alfajiri, ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kimya hadi lilipopinda kona.
Namba kumi bado iko kwangu.
Hajaiulizia.
Nami sijaipeleka.