Kijicho

Sebule haina mtu, haina hata vumbi.
Kochi la kijivu, ukuta mweupe, bakuli la malimau
ambayo hayajawahi kuwa na harufu.
Ghorofa ya nne, Saburtalo, Tbilisi,
katika jengo ambalo kwa sasa ni shimo na winchi moja.

Malkhaz amesimama nyuma yangu na kahawa yake.
“Giza,” anasema. “Nani atanunua giza?
Nataka jua la saa kumi na moja jioni
lilale sakafuni kama paka.”

Naongeza taa. Taa zisizo na balbu wala waya,
naziegesha hewani, mgongoni mwa kamera.
Ukuta unapauka, na pembe za dari
zinabaki na masizi yake.
Taa ya uongo hujulikana: kiti kimoja, vivuli vitatu,
na kiti hakijui kiegemee kipi.

Nazizima zote. Nabaki na jua,
nalisukuma kwa kipanya mpaka magharibi.
Halifiki.
Katikati kuna jengo la zamani, ghorofa sita, rangi ya fizi,
nililolichora mwenyewe mwezi wa Februari
dirisha kwa dirisha, maana nalijua.
La tatu kutoka kushoto ni la Shangazi Nanuli.
Sikuacha hata kamba yake ya nguo
na ile kapi inayolia akiivuta.

Kwenye orodha ya vitu, kila jina lina kijicho pembeni.
Ukikibonyeza kinafumba,
na mwenye jina hayupo.

Nilikibonyeza.

Jua likaingia bila hodi.
Likapanda kochi, likagonga mbao za mwaloni,
likaruka darini limebeba rangi ya asali.
Kompyuta ikapika usiku kucha,
chembe zikitulia moja moja kama machicha ya kahawa,
na asubuhi Malkhaz akanipiga bega.
Picha ikatundikwa kwenye uzio wa mabati, mita tatu kwa tano.

Kufikia Oktoba shimo lilikuwa na ghorofa saba.
Jumapili nikaenda kwa Shangazi kula maharage.
Saa nne asubuhi, taa ya jikoni inawaka.
“Nimeiona picha yako,” akasema, mgongo kwangu,
akiponda jozi kwenye kinu. “Nzuri.
Ila lile jua limepitia wapi?
Pale nipo mimi.”

Kijiko changu kikasimama njiani.
“Nilikutoa, Shangazi. Ni kubonyeza tu.”
Akacheka kidogo, akapangusa meza palipokuwa safi.
“Basi na wao wamenitolea asubuhi yangu.
Wao hawakubonyeza. Walipanga matofali.”

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni huyu anakuja na ghorofa kumi na mbili.

Usiku nikafungua faili la zamani,
nikakifumbua kijicho.
Sebule ikanywea. Sikuongeza taa.
Nikarudisha saa nyuma, tano na nusu mchana,
dakika chache ambazo jua hupita baina ya majengo mawili
kwa ubavu, kama mtu kwenye kichochoro,
likiburuza bega kwenye ukuta wa Shangazi,
kwenye shuka lake lililoanikwa,
na kutoka hapo, bila kukusudia, linavuka
na kuingia dirishani kwangu:
mwanga wa mtumba, wenye uwekundu kidogo,
umeshavaliwa na mtu mwingine.

Malkhaz hataupenda. Haumwagiki, haulali kama paka.
Unafika kwenye bakuli tu, unaishia hapo.
Nimeupika hata hivyo.
Bado una chembe pembeni, karibu na mlango,
nami nimeziacha.
Malimau, kwa mara ya kwanza,
yanaonekana kama kuna mtu aliyeyanunua.