Donge

Saa tisa usiku. Kutaisi imelala,
theluji imetulia mapaani kama unga uliosahauliwa mezani.
Nawasha tanuri kwa vijiti vya mzabibu:
moshi kwanza, kikohozi,
kisha ile sauti ya moto unapokubali.

Jina langu Nestan. Napika mikate ya shoti,
mirefu, ncha zake mbili kama mwezi mwandamo uliovutwa,
na ili kuubandika mmoja ukutani mwa tanuri
natumbukiza kichwa, mabega, nusu ya kiwiliwili,
mguu mmoja ukibaki hewani.
Nyusi zangu ziliungua zamani. Sizidai.

Mara mia mbili kwa siku nainama hivyo.

Guram alikuja msimu wa baridi kali,
akasimama mwisho wa foleni, kofia mkononi.
Uso ulikuwa umezeeka, ungenipita.
Mikono ndiyo niliyoitambua:
ndiyo iliyotia saini kule kiwandani,
*magunia kumi na manne hayaonekani, mwulizeni Nestan.*
Hawakuniuliza. Walinifukuza.
Otia wangu akauza cherehani ya mama yake,
tukaila ile cherehani mpaka Pasaka.

Nikamuuzia mkate. Nilimchagulia:
ulioungua mgongo, ulioanguka ukalamba majivu.
Akalipa kamili. Akasema ahsante.
Akauingiza ndani ya koti, kifuani,
akaenda nao polepole juu ya barafu.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa.
Miaka miwili nikimpa ulioungua,
miaka miwili akisema ahsante,
na kila ahsante yake
ikinikwama kooni mithili ya mwiba wa samaki.

Donge la unga nalijua tabia:
lifunike, lipe joto, usiliguse, litaumuka.
La moyoni nalo nililifunika.
Nikalipa joto. Sikuruhusu mtu aliguse.
Likaumuka, likachacha,
likafurika hadi kwenye kitanda changu na Otia.

Kasisi aliniambia nisamehe,
lakini kila Kwaresima huwaambia wote maneno yaleyale,
hata wasiokosewa na mtu.

Sasa sikia. Asubuhi moja ya Februari
hakuna mkate ulioungua.
Hata mmoja! Kuni zilikuwa kavu, upepo ulikaa vizuri,
na mimi, mwokaji, badala ya kufurahi
nilikuwa nageuzageuza mikate kapuni
watu kumi na saba wakinitazama.
"Unatafuta nini?" akauliza Tsiala muuza maziwa.

Ningemjibu nini?
Kwamba natafuta kasoro, na leo siioni?

Nikampa Guram mkate mzima, wa moto.
Akaugeuza. Akautazama mgongo.
Akasema kwa sauti ya chini, "Leo haukuungua."

Kumbe alijua.
Siku zote zile alijua,
na ahsante aliitoa akijua.

"Nilidhani," akasema, "ndiyo bei."

Foleni ilikuwa inasogea, mikate inapoa.
Laiti ningekuwa na maneno makubwa ningeyatoa.
Nilikuwa na chenji tu. Nikamhesabia kiganjani,
kile kiganja cha saini, baridi kama chuma,
nikasema, "Bei imeshuka."

Usidhani niliamka kesho yake nikiwa malaika.
Kuna usiku donge linaniamsha kabla ya saa,
limeumuka tena, linanuka kiwanda.
Nalipiga ngumi, nalikanda, nalikata vipande.
Ni kazi. Ina siku zake mbaya kama kazi zote.
Magunia nani aliyachukua, hajasema.
Nami sijauliza.

Ila siku hizi ahsante naianza mimi,
kabla hajafungua kinywa, na kwake si kwake tu:
kwa Tsiala, kwa kuni kavu, kwa Otia aliyekonda bila kulalamika.
Inatoka imepinda kidogo, kama shoti.

Na tanuri lenyewe limenisaidia, nadhani.
Huwezi kuinama mara mia mbili kwa siku
shingo ikabaki ngumu.