Antena ya Bi Greenwood

Todmorden, Jumanne, manyunyu ya kulowesha kope tu.
Nimepanda ngazi hadi kwenye dohani ya Bi Doreen Greenwood,
spana mdomoni, mkono wa kushoto umekumbatia matofali
yenye masizi ya viwanda vilivyokufa kabla sijazaliwa.
Yeye yuko chini, ameishika ngazi kwa mikono miwili
kana kwamba ngazi ndiyo itakayotoroka.

"Picha ilikuja kwa shida, ikakatika vipande, kisha ikafa.
Nikadhani inaomboleza.
Ernest aliifunga mwenyewe, Februari,
siku tulipohama kutoka kule juu mlimani.
Machi hakuiona. Lakini alijua kazi yake."

Alijua. Kila nati imekaza, waya umefungwa kwa adabu.
Ila antena imelala.
Kule mlimani wimbi huja limelala, nayo hulala nalo;
huku bondeni mlingoti mdogo hulituma limesimama,
na vijiti vilivyolala havilisikii,
kama mwenye nyumba anayebishiwa hodi ukutani.

Uga.
Nilipolisikia neno hili darasani, Korogwe,
niliona mahali pa kuanikia mpunga, kuku wawili, fagio.
Mwalimu Semkiwa akafuta ubao kwa kiwiko:
uga huu hauna udongo, hauna ua wala lango,
ni pale ambapo chembe ikiwekwa, itasukumwa.
Uga wa umeme. Uga wa sumaku.
Akasimamisha kidole kimoja, akalaza cha pili,
cha tatu akakielekeza dirishani:
"Na huku ndiko wanakokwenda."
Wiki nzima tulitembea na vidole vilivyoteguka.

Nalegeza nati. Inalia kidogo, kutu ya miezi minane.
Mmoja akibadilika, mwenziwe anazaliwa;
mwenziwe akibadilika, naye anazaliwa upya.
Hakuna wa kwanza. Hakuna mbelekwa wala mbebaji.
Hawaombi hewa, hawaombi maji, wala kamba ya kushika.
Ndivyo jua linavyofika hapa, siku linapokumbuka kufika;
ndivyo sauti ya mama inavyopenya koti hili la mvua
kuniuliza kama nimekula, na kama nilichokula ni chakula.

Zamani nilidhani wanapokezana zamu,
huyu akipanda yule anashuka, kama walinzi wa benki.
Sivyo. Hupanda pamoja, hufika kileleni pamoja,
na pamoja hushuka hadi sifuri.
Wote wawili, sifuri.

Haya nilimweleza kwa sababu aliuliza mbona nimenyamaza.
Akafikiri. Mvua ikafikiri naye.
"Sasa hapo," akasema, "pasipo na huyu wala yule,
linapitaje?"

Nikatoa spana mdomoni.
Mteja hajawahi kuniuliza hivyo; huuliza bei.
Nikamwambia: kileleni ndiko wanakotulia, kitambo tu.
Penye sifuri ndipo badiliko lina kasi kuliko pote.
Hakuna kitu pale, Bi Greenwood,
ila mwendo wa kuelekea upande wa pili.

Hakujibu. Nilidhani nimekosea,
nimezungumza fizikia kwenye nyumba yenye msiba.
Barraclough, bosi wangu, hunionya: funga, jaribu, lipwa, ondoka.

Kisha, kutoka chini:
"Usizibadilishe nati zake."

Sikuzibadilisha. Nyuzi tisini, basi.
Vijiti vikasimama wima kama nywele za mtu aliyesikia jina lake,
na ndani ya alumini chembe zisizoonekana
zikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka,
mara milioni mia tano na kitu kwa sekunde,
bila kuchoka, bila kujua ni kipindi gani.

Nikasikia mlango, slipa sakafuni, kisha ukelele:
"Mashindano ya mbwa wa kondoo! Ewe, njoo uone! Ya mbwa!"

Ngazi haikuwa na mtu wa kuishika.
Nikazikaza nati za Ernest, moja baada ya moja,
robo zaidi ya alivyokaza yeye,
nikashuka polepole.