Ninayemsoma Barabarani

Saa kumi alfajiri naiwasha greda.
Inakohoa mara tatu, kama mimi,
kisha inakubali.
Kipimajoto cha bohari: ishirini na saba chini ya sifuri.
Pertti ananimiminia kahawa, haniulizi kitu.
Huku Kemijärvi, majira ya baridi,
maneno nayo huwekwa akiba, kama kuni.

Kazi yangu ni kulima.
Wengine hulima wakapanda,
mimi nalima ili pasiote kitu.
Nashusha jembe, theluji inapinduka kuliani,
na kila nifikapo daraja la Isokylä, zipo:
nyayo.

Ndogo, mbichi, hazijafukiwa.
Nasema ni za mwanamke, maana Novemba, mara moja tu,
niliona taa ya kichwani ikichezacheza gizani
na msuko wa nywele ulioganda
mweupe, mgumu kama kamba ya kuanikia.
Akasogea kando. Akainua glavu.
Nikazima taa kubwa nisimpofushe.
Basi, ni hayo tu.

Mengine nimeyasoma chini.
Jumanne hatua ni fupi fupi, kilima cha makaburini,
mara sita kupanda, mara sita kushuka.
Ijumaa vidole vimechimba: leo alikuwa na haraka.
Jumapili zinakwenda hadi kiwanda cha mbao kilichofungwa,
zinazunguka nguzo ya lango, zinarudi,
na pale langoni, kila Jumapili,
ganda la chungwa, limeganda, linang'aa.
Nasoma, kisha nafuta.
Sina namna. Jembe langu ni pana kuliko barua yake.

Februari mguu wa kushoto ukaanza kuburuta.
Kimstari chembamba nyuma ya kisigino,
leo kidole, kesho shubiri.
Pumzika, nikasema ndani ya kioo,
pumzika, mtoto wa watu, mbio ni za Mei.
Kioo kikaingia ukungu.
Siku nne palipita sungura peke yake.
Siku ya tano akarudi, taratibu,
kama mtu anayeonja maji ya kuoga kwa kidole.

Usiku ule ikaanguka theluji ya kufika magotini.
Nikamwambia Pertti: leo naanzia Isokylä.
Huko kuna nani?
Kuna barabara.
Akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Saa nane usiku nikailima njia yake,
nikaikwangua hadi barafu ngumu, nikamwaga mchanga,
nikiijua hasara yangu:
nilipofika darajani palikuwa patupu,
ukurasa niliousafisha mwenyewe
kabla mwandishi hajaamka.

Mchana, nikirudi, nikaisimamisha greda.
Mtu wa miaka sitini na moja, nikapiga magoti njiani
na tochi, kama niliyeangusha pete.
Vitundu vya misumari ya soli.
Sita, sita.
Kushoto kimo kilekile cha kulia.

Tangu hapo nikaanzia Isokylä kila siku,
nisisome.

Mei ziwa likapasuka kwa kishindo, theluji ikaondoka,
lami ikabaki nyeusi, bubu.
Gazeti likaleta matokeo ya mbio za kusini,
kilomita arobaini na mbili na ushee.
Kutoka wilaya yetu wanawake watatu:
Raakel Niskala,
Terttu Ojanperä,
Henna Kostamo, ambaye alimaliza akiwa wa mwisho kasoro wanne.
Nikashika kalamu.
Niliipeleka kwa mmoja, nikairudisha.
Nikawapigia mstari wote.

Jana Pertti alinikuta chini ya greda,
akauliza mbona napaka jembe grisi na jua lote hili.
Nikamwambia kutu haina kalenda.