Doa la Kushoto

Bi Rukiya wa Mkomani aliileta
imefungwa ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa nailoni.
"Mjukuu anaoa. Naitaka kubwa, ya kutundika ukumbini,
wakwe waone nyumba waliyoingia.
Na hili doa la kushoto, mwanangu, litoe."

Mimi kazi yangu picha za vitambulisho:
ukuta mweupe, masikio wazi, usicheke.
Kibanda changu kiko Langoni, ubavuni mwa mashine ya kukunia nazi
inayotikisa meza mpaka adhuhuri,
na watu huniletea wafu wao niwarudishie rangi.
Huyu mvishe kofia. Huyu mtoe sigara.
Huyu mume wa kwanza, mkate.
Huwa nakata. Siulizi.

Basi nikaiweka chini ya taa.
Kichochoro. Kuta mbili za mawe. Katikati, shiraa,
hema jeusi lililotoka matembezini,
na nyuma wino uliofifia, mwandiko wa Mgoa aliyeipiga:
"Bibi wa Amu na shiraa yake."
Bibi haonekani hata ukucha.
Picha nzima ni yake, naye hayumo.

Nikatoa ukungu, nikatoa nyufa,
nikatoa dole gumba la mtu aliyeishika na mafuta ya samli.
Likabaki doa.
Nikalikuza mara nne: moshi.
Mara nane: bega.
Shiraa ina vijiti, na vijiti havijishiki;
hilo ningelijua tangu asubuhi
lau ningetazama chini, kwenye nyayo.
Nyayo nne, pekupeku.
Wa kulia amekaza macho kama msumari.
Wa kushoto ndiye doa.

Nikaenda nayo nyumbani kwenye simu.
Mama alikuwa akipepeta mchele. Shiraa haikumshughulisha.
Alipofika kwenye doa, ungo ukatulia.
"Mato ndiyo haya," akasema. "Huyu ni Sikudhani."

Sikudhani nani?

"Mamake nyanya yangu. Mgoa alisema: nitahesabu hadi sita,
mtu asitikisike. Mwenziwe akawa jiwe.
Kwenye nne kitoto kikalia nyuma ya ukuta,
kitoto chake. Akageuka.
Picha ikaharibika, na picha ilikuwa ya fedha,
na fedha haikuwa yake,
na yeye mwenyewe hakuwa wake."
Kilichofuata aliuambia mchele, si mimi.
Nami sikiandiki.

Nyumbani siku zote tulisema sisi ni watu wa Siu.
Tulikuwa na jina la babu la kuthibitisha, na kaburi.
Miaka sitini hadithi ilikaa kwa mama, haina picha.
Mkomani ilikaa picha, haina hadithi,
imefungwa leso.

Alhamisi Bi Rukiya akaja. Akavaa miwani.
"Doa mbona lipo?"
Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, mazito, ya haki.
Nikasema: "Mashine yangu imeshindwa, bibi."
Akanikata shilingi mia mbili.

Arusi ikafika, tukaalikwa kama mji mzima ulivyoalikwa.
Ukumbini, juu ya kiti cha bibi arusi, picha,
upana wake mita moja na nusu,
na wanawake wakiisifu shiraa, enzi zile, heshima ile.
Mama akasimama mbele yake na sahani ya biriani mkononi,
mgongo umenyooka, hapepesi.
Midomo yake ikicheza. Nilijua anahesabu.
Moja.
Mbili.
Tatu.
Kwenye nne akageuza kichwa.