Ikama

Fomu imekuja tena, ile ya safu tatu:
wanaohitajika, waliopo, pungufu.
Naijaza kwa penseli.
Muhula uliopita niliandika kwa wino
na Mwalimu Kyando akahamishwa kabla wino haujakauka.

Alikuwa mmoja. Fizikia yote, kidato cha kwanza mpaka cha nne,
na hesabu za kidato cha tatu, alizozibeba
kama mtu anayempokea jirani gunia la viazi njiani:
lete, nami naelekea huko huko.
Barua ilimwita mtaalamu. Ilimwita Njombe,
kwenye shule teule ya sayansi ya mkoa,
maabara nne, vigae vyeupe, mabomba yenye maji.
Hatukumlaumu. Tulichanga tukamnunulia blanketi
kisha tukajicheka wenyewe:
mtu anatoka Makete, anashukia kwenye nafuu ya baridi,
ati tunampa blanketi.

Na kila shule ya kata itoe wanafunzi wawili
"wenye vipaji," barua iliendelea.
Tuna mia nne na kumi na wawili.
Nilikesha na orodha, jiko la mkaa miguuni,
nikivipima vipaji kama mnunuzi wa mbao za msonobari:
huyu mnyoofu, huyu ana fundo,
huyu bado mbichi, atapinda akikauka.
Nikamwandika Obeid Tweve.
Nikamwandika Ezelina Luvanda.

Obeid alikwenda, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.
Kwa Ezelina alikuja mama yake,
udongo wa shambani umemganda mpaka kwenye vifundo.
Hakuketi.
"Godoro, mwalimu. Ndoo. Shuka mbili. Fedha ya tahadhari.
Nikiuza viazi vyote, nitapanda nini?
Nikibakiza mbegu, yeye atalalia nini?"
Majibu ya serikali nilikuwa nayo.
Godoro sikuwa nalo.

Kyando alipiga simu Jumapili.
Vitanda mia na sitini, akasema, wanaolala ni sabini na mmoja.
"Nikifundisha, sauti inagonga ukuta inanirudia.
Halafu kemia hatuna mtu.
Mkuu anauliza kama ninyi mnaye."
Nikasema tunaye.
Nikajuta kabla sijakata simu.

Leo sakitu imelala juu ya bati,
majani ya viazi yameungua, meusi, kama yaliyopitiwa na moto.
Kidato cha pili, kipindi cha fizikia, hakuna mwalimu.
Kelele zao huwa nazisikia nikiwa ofisini
na nimezizoea, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kukoboa.
Zikakatika ghafla.
Kimya ndicho kilichonitoa kitini.

Ezelina amesimama mbele,
kipande cha barafu alichokibandua kwenye ndoo ya mvua
kimekaa kiganjani, kiganja kimeinuliwa wote waone.
"Joto la mkono wangu linaingia humu," anasema,
"lakini mngeweka kipimajoto, kisingesogea.
Linaingia na halionekani. Mpaka barafu yote iishe."
Maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ndani ya sweta.
Mtoto wa dawati la mbele: "Sasa linakwenda wapi, dada?"
"Ngoja," akasema,
akafungua daftari la Kyando kwa mkono mkavu.

Nimerudi kwenye fomu. Safu ya pili.
Niliandika sifuri, nikaifuta.
Nikaandika moja, nikaifuta, maana watakuja kukagua,
na wakimkuta watamchukua.
Nikarudisha sifuri.
Kijana wa pikipiki anayepeleka bahasha wilayani
ameshapiga honi mara mbili.
Karatasi imechoka, imetoboka pale pale
kwenye kisanduku cha waliopo.
Ya tatu hiyo.
Naikunja hivyo hivyo, na tundu lake.