Jifya la Tatu

Mama hakutaka kupanda pikipiki ya umeme.
Alisema kitu kisicholia hutembea kama mwizi.
Lakini miguu yake ina miaka sabini na mmoja,
na kutoka mji mpya hadi Bagan ya kale
jua la Oktoba halimwonei haya mzee,
basi akakaa upande,
liwa ya thanaka imemkauka mashavuni,
kikapu mapajani, na ndani ya kikapu
tofali.

Sikumuuliza. Nalijua tofali lile
kama ninavyoujua mgongo wake:
jifya la tatu la jiko letu,
mwenzi wa mawe mawili ya mtoni,
lenye mhuri wa kijiji kilicholichoma
zama za wafalme, herufi mbili zimelika,
na upande mmoja mweusi tititi
kwa masizi ya wali wa maisha yangu yote.
Alilichukua siku walipotuhamisha.
Wengine walibeba milango. Baba alibeba redio.
Tuliambiwa tuondoke upesi,
tusiwachafulie wafalme magofu yao.

Tukayapita mahekalu. Nani atayahesabu?
Yamesimama ndani ya ufuta
kama watu waliosahau walichojia,
mengine hayana vichwa tangu tetemeko,
mengine yamefungwa mianzi kiunoni.
Wageni walivua viatu mlangoni,
wakarukaruka kwenye sakafu ya moto, wakicheka,
wakamwinulia simu Buddha
ambaye hakufumbua macho.
Mama hakugeuka. "Kushoto," akasema,
"hapo kwa Daw Ngwe Hmone."
Daw Ngwe Hmone alishakufa.
Kushoto palikuwa na mbuzi.

Hekalu tuliyopakana nalo halina jina, lina namba.
Juu ya jukwaa la mianzi alikaa fundi, Ko Zeya,
kijana, chokaa imempanda hadi kwenye kope.
Mama akamnyoshea tofali kwa mikono miwili,
kama anavyompa mtawa wali alfajiri.
"Lenu hili. Tuliazima."

Fundi akaligeuza. Akalinusa; naapa, akalinusa.
"Shangazi, halimo kwenye orodha.
Kila tofali hapa limeandikwa,
na mkaguzi anakuja Jumatatu."
Mama akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio.
"Sisi tulikuwa kwenye orodha, mwanangu,
tukaondolewa.
Hili halimo. Labda litabaki."

Kijana hakuwa na la kusema.
Akashuka, akatupa maji kwenye kikombe cha bati,
akalirudisha tofali kikapuni polepole,
kama mtoto aliyelala.

Mama akaanza kuhesabu kutoka pembe ya ukuta:
hatua kumi na nne, kisha akasita,
kwa kuwa zile zilikuwa hatua za mwanamke kijana.
Akaongeza sita.
Hapakuwa na kitu. Mabua ya ufuta,
kigae kimoja cha mtungi wa mtu yeyote,
siafu wakipita na hamsini zao.
Hapo ndipo alipovua ndala.
Akazipanga vizuri, visigino pamoja,
akaingia mahali ambapo hapakuwa na mlango,
akachuchumaa,
akaliweka tofali, weusi juu.

Nikangoja aseme neno.
Akaniuliza kama betri itatufikisha nyumbani.

Jioni chungu kiliinama kwenye mafya mawili.
Nilitia kopo, likabonyea. Nikatia kipande cha zege,
kikateleza. Mama akakishika chungu kwa kitambaa,
mkono mmoja, mpaka maji yakakauka,
na hakutaka nimpokee.
Wali ukaiva upande mmoja.
Akajipakulia ule mbichi,
akautafuna muda mrefu, akitazama moto.
"Una ladha ya kule," akasema,
akaomba chumvi.